Kengele ya Tendo la Tatu

SURA YA SITA

Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni, na hilo lilimkera Inspekta Malaguti tangu alipoamka.

Aliitua mezani katika chumba cha mahojiano, akaisogeza kidogo kuelekea kwa mwanamke aliyekaa mbele yake. Ilikuwa chupa ya kahawia yenye mpira wa kubinya, ya aina ambayo waimbaji wa opera hupulizia dawa kooni. Dawa haikuwamo. Ndani mlikuwa na amonia, ile ya kusugulia sakafu, na harufu yake ilipenya kizibo ikawachoma macho wote wawili.

"Usiiguse, bibi Palmira. Itazame tu."

"Niitazame nini? Mimi ndiye niliyeinunua."

Palmira Gandolfi alikuwa mvalishaji katika jumba la opera la Castelmorano. Sasa alikuwa mahabusu. Kavaliere Terzaghi, mkurugenzi wa jumba, aliileta chupa hii kituoni kwa mkono wake, imefungwa kwenye leso ya hariri, asubuhi baada ya onyesho la ufunguzi. Akaapa kwamba mvalishaji amemtilia sumu mtoto wa kaka yake mwenyewe, Ersilia, soprano, mwimbaji mkuu wa kike wa usiku ule. Sababu? Wivu, alisema Kavaliere. Shangazi alisikia kwamba binti anataka kuvalishwa na mtu kijana zaidi. Mwendesha mashtaka alikwisha andaa hati. Kesho yake Palmira angepelekwa gereza la mkoa kungoja kesi.

Na Ersilia? Katika tendo la tatu la opera, mbele ya mji mzima, mshipa ulimpasuka kooni akatema damu juu ya joho jeupe la mtawa. Daktari alisema ataweza kuongea. Kuimba, asahau.

"Usiku ule ulimpulizia mara ngapi?" Malaguti aliuliza.

"Kila akitoka jukwaani. Ndiyo kazi yangu. Au ulitaka nimwache akauke kama samaki wa chumvi?"

"Kwa hiyo kufikia tendo la tatu chupa ingekuwa na kiasi gani?"

"Tone. Mtoto yule anaimaliza dawa kama padri anavyomaliza divai ya altare."

"Na hii imejaa."

Palmira aliinama, akatazama. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha pua.

"Basi aliyeijaza ni bwege. Hajawahi kumtumikia mwimbaji hata siku moja."

"Na kama angepuliza hii kabla ya tendo la kwanza?"

"Angepiga yowe mpaka Milano wakasikia. Inspekta, sisi hapa tunalia machozi na imefungwa. Yeye aliimba matendo mawili mazima na nusu ya tatu. Sasa nivae koti langu niende?"

"Bado. Mwendesha mashtaka anasema kama si wewe, nimletee mwingine. Kitu kimempasua koo, bibi Palmira. Damu niliiona mwenyewe."

Mwanamke alikunja mikono. Vidole vyake vilikuwa na matundu ya sindano, vidole vya mtu aliyewashonea wengine nguo za malkia maisha yake yote.

"Ni nota," alisema.

"Nota gani?"

"Alitoka tendo la pili ameshika shingo. Akaniambia, 'Shangazi, leo nota zote zimewekwa juu ya kabati.' Nikamwambia ni woga, kunywa maji, funga mdomo. Nilimwambia afunge mdomo." Alitazama chupa. "Sasa ameufunga."

*

Mji wa Castelmorano husahau upesi mabaya ya matajiri wake, basi afadhali yakumbushwe. Terzaghi alipewa ukavaliere, cheo cha heshima cha serikali, enzi za mashati meusi ya Mafashisti. Siku hizi anavaa shati jeupe, shingo ni ileile. Wakati wa vita jumba la opera liliwaimbia maafisa wa Kijerumani, na ni yeye aliyepanga viti. Baada ya vita alionekana tena mlangoni, anapeana mikono, anasema sanaa haina chama. Majira ya kuchipua ya mwaka huu wa 1957 wanakwaya walikataa kuimba kwa sababu vyumba vyao vya kubadilishia nguo vilikuwa vinavuja maji na wawili walikuwa wamelazwa kwa homa ya mapafu. Waliogoma wote walikuwa watu wadogo, wa kufukuzika. Mmoja tu hakufukuzika, akasimama mbele yao: Ersilia Gandolfi, binti wa mwanamke mng'oa magugu wa mashamba ya mpunga, aliyesimama ndani ya maji hadi magotini kila mwaka mpaka miguu ikaoza. Soprano alipokataa kuimba, jumba lilifungwa. Paa likazibwa. Terzaghi alitabasamu mbele ya wapiga picha, akampa maua.

Malaguti aliikumbuka ile tabasamu alipokuwa akipanda ngazi za marumaru kwenda ofisini kwa Kavaliere.

"Inspekta! Karibu, karibu. Kahawa?"

"Hapana, Kavaliere. Nataka kujua kuhusu ile sala inayoimbwa tendo la tatu."

"Ah." Terzaghi aliegemea kiti. "Ilikuwa huzuni kubwa. Anaimba peke yake, unajua, bila okestra. Kisha okestra inaingia chini yake taratibu, kama zulia. Ilipoingia, kila mtu akasikia. Alikuwa ameshuka nota. Yuko chini ya okestra, waziwazi. Ni sumu, koo lilikuwa limekwisha."

"Watu wa roshani ya juu wakampigia miluzi ya kumzomea."

"Roshani yenu! Waashi, vinyozi, wapika jibini. Mnajisifu kwamba masikio yenu hayadanganyiki, opera zote mnazijua kwa moyo. Si mimi niliyepiga mluzi, Inspekta. Mimi nilikuwa nimefunika uso."

"Ni kweli, ni sisi." Baba yake Malaguti alikuwa mpika jibini; Inspekta mwenyewe alikulia kwenye roshani ile, na usiku wa tukio alikuwa zamuni kwenye korido ya chini, mlango umefunguka kidogo. "Lakini kuna kitu sikukisikia. Kengele. Kabla ya sala kengele hupigwa mara moja. Usiku ule haikupigwa."

Mkurugenzi alipanga kalamu zake.

"Kamba ilikatika."

"Lini?"

"Alasiri. Vitu vya zamani, unajua ilivyo. Hukuja kuniuliza habari za kamba, nadhani?"

"Nauliza kila kitu, Kavaliere. Ndiyo sababu sipandishwi cheo."

*

Koplo wake alikuwa na jibu tayari: mpiga kengele. Nullo Pederzoli alionekana kilabuni usiku wa onyesho, amelewa chakari, wakati alipaswa kuwa nyuma ya jukwaa. Tena ndiye anayetunza vyombo vya usafi. Amonia yake, ulevi wake, kukimbia kwake. Koplo alikwisha mtafutia pingu.

Malaguti alimkuta Nullo nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya kiti cha enzi cha mbao, anakula mkate na soseji ya mortadela.

"Umekuja kunifunga?" Nullo aliuliza bila kusimama. "Ngoja nimalize. Mkate wa jela naujua."

"Ulikuwa wapi wakati wa tendo la tatu?"

"Kilabuni kwa Iole. Waulize walionibeba."

"Uliacha kazi?"

"Kazi ndiyo iliyoniacha. Karani wa mkurugenzi alinijia na mtungi wa divai ya lambrusko. Akasema, Nullo, leo maestro anayeongoza okestra amefuta kengele, nenda kajifurahishe. Mimi nimeipiga kengele ile tangu nina nywele, hakuna aliyewahi kunipa hata maji. Nikasema mwaka huu kweli mapinduzi yamefika."

"Maestro amefuta. Hakusema kamba imekatika?"

"Kamba ipi?"

"Ya kengele."

Nullo alimtazama kama mtu anayemsikiliza mlevi mwenzake. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaongoza njia. Walipanda ngazi nyembamba hadi jukwaa dogo la mbao, juu nyuma ya pazia, ambako kengele ilining'inia. Shaba yake ilikuwa imefanya rangi ya kijani begani. Malaguti aliikamata kamba, akaifuata kwa vidole kuanzia chini hadi kwenye ulimi wa kengele. Hapakuwa na fundo wala mahali palipoungwa. Nyuzi zote zilikuwa za umri mmoja, nyeusi na laini kwa jasho la mikono ya Nullo.

Maelezo mawili kwa jambo moja. Mkurugenzi anasema kamba, karani wake anasema maestro. Na maestro, aliyealikwa kwa usiku ule tu, alikuwa amepanda treni ya Vienna kabla damu haijakauka.

"Niachie nafasi kidogo, Nullo."

"Utaipiga?"

"Nitaigusa."

Aliivuta kamba mara moja. Sauti ilitoka pana, ikajaza jumba tupu, ikakaa. Na Malaguti, ambaye hakuwa ameimba tangu azikwe baba yake, alifungua mdomo akaanza sala ile kwa sauti ya chini. Nota ya kwanza ya sala ilikaa juu ya sauti ya kengele kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mtunzi alikuwa mtoto wa mji huu. Aliitengenezesha kengele kwanza, ndipo akaandika sala. Kila soprano hupewa nota yake na shaba hii, kisha huachwa peke yake.

Usiku ule Ersilia hakupewa. Alianza bila kengele, gizani, kwa kumbukumbu ya koo. Malaguti aliusikia mwanzo ule kutoka koridoni, akasimama wima bila kujua. Ulikuwa sawa kabisa na hii nota aliyokuwa akiisikia sasa. Uharibifu ulisikika violini zilipoingia.

Aliishika kengele kwa kiganja, ikanyamaza.

Mwimbaji akiwa peke yake, nani atasema ameshuka? Anashuka akilinganishwa na kitu. Usiku ule alilinganishwa na okestra, na watu wakaiamini okestra kwa sababu ni watu sitini na yeye ni mmoja. Kama kengele ingepigwa, wangekuwa wawili: mwanamke na shaba. Violini zingaliingia juu yao wote, na roshani nzima ingejua upesi ni nani aliyekosea.

Shaba haiwezi kukazwa wala kulegezwa. Ndiyo maana ilinyamazishwa.

"Nullo, okestra inapata wapi nota yake ya kuanzia?"

"Kwa Profesa Ansaloni. Zumari la kwanza. Anatoa nota ya la, wengine wote wanamfuata."

Hilo Malaguti alilijua kama anavyolijua jina lake. Alitaka tu kulisikia likitoka kinywani mwa mtu mwingine.

*

Guelfo Ansaloni, mpiga obo, lile zumari refu jeusi la okestra, alikuwa kwenye chumba cha mazoezi anakwangua tete kwa kisu kidogo. Wapiga obo hutumia maisha yao hivyo. Tete la mdomoni hawalinunui. Hulitengeneza wenyewe, hulifunga kwa uzi, hulikwangua, hulikausha, hulikwangua tena. Alikuwa mtu msafi, mwenye tai, mwenye hofu.

"Profesa, nionyeshe uma wa sauti."

"Uko kabatini mwake, kwenye ukumbi wa mbele. Ni mali ya mji."

"Ufunguo anao nani?"

"Zumari la kwanza. Ni desturi ya hapa."

"Basi ni wewe. Twende. Chukua na zumari lako."

Uma ule wa chuma, wenye meno mawili, ambao ukigongwa hutoa nota moja isiyobadilika, ulikuwa fahari ya Castelmorano. Kila mahali pengine duniani okestra zilikuwa zimepanda juu mwaka baada ya mwaka kutafuta sauti ya kung'aa, na waimbaji wakalipa kwa makoo yao. Mji huu ulikataa. Ulibaki na la yake ya chini, ya kale, kama ilivyopimwa kwenye uma huu, na hakuna mpiga chombo aliyewahi kubishana nao. Waulize kama saa ya kanisa ni sahihi, watasita. Uma hawahoji.

Ansaloni alifungua kabati. Malaguti aliutoa uma kwenye kitambaa chake cha mahameli akausogeza dirishani. Chuma kilikuwa cheusi chenye ubuluu, kizee. Lakini kwenye ncha za meno yote mawili kilikuwa cheupe, kama kilichopigwa tupa juzi.

"Chuma kikipunguzwa nchani, Profesa, sauti inakwenda wapi?"

"Inspekta, mimi ni mpiga—"

"Inakwenda wapi?"

"Juu."

"Njoo."

Alimpandisha hadi kwenye kengele. Nullo aliwapisha akashuka, akaendelea na mortadela yake kwenye kiti cha enzi. Malaguti aliugonga uma gotini, akauegemeza kwenye mbao. Ukaimba, wembamba na baridi. "Tafadhali, Profesa. Hiyo nota ya la. Usiirekebishe. Itoe kama ulivyoitoa usiku ule."

Ansaloni alifungua kisanduku cha matete. Mkono wake ulikwenda kwenye tete moja, ukarudi, ukachukua jingine.

"Hapana," alisema Malaguti. "Lile la kwanza."

Lilikuwa fupi kuliko mengine. Hata mtu asiyejua angeliona, limelala kati ya wenzake kama kidole kilichokatwa. Profesa alilitia mdomoni, akalilainisha, akalipachika. Akapuliza. Uma na zumari vilikubaliana.

Inspekta akavuta kamba.

Sauti mbili ziligombana hapohapo. Hewa ilianza kutetemeka, wau, wau, wau, kama jino bovu linavyopiga kichwani. Chini, Nullo aliacha kutafuna. "Mama wee," alisema, "nani anachinja?" Ansaloni aliendelea kupuliza kwa muda, labda kwa woga, labda kwa sababu hajawahi kuacha nota kabla hajaambiwa. Kisha akashusha zumari.

"Nilipewa hivyo," alisema.

"Na nani?"

"Kavaliere aliuchukua uma akasema unakwenda kusafishwa. Uliporudi nikaupiga, nikadhani masikio yangu yameharibika. Nikaenda kumwambia. Akaniambia, 'Profesa, uma wa mji haukosei.'"

"Ukakubali."

"Mazoezi yote ya mwisho tulifanya kwa la ya zamani. Alisema huu mpya ni wa usiku wa ufunguzi tu, kwa ajili ya redio, sauti isikike inang'aa."

"Tete hili, Profesa. Kulitengeneza kunakuchukua muda gani? Asubuhi moja?"

Ansaloni alifunga kisanduku cha matete.

"Unalifunga, unaliacha likauke, unakwangua kidogo, unaliacha tena. Nimesema uongo?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulijua siku nyingi kabla. Alipokuwa akifanya mazoezi kwa la ya chini, wewe nyumbani ulikuwa unamkatia tete fupi."

"Nina nafasi ya kudumu hapa! Unajua nafasi ngapi za zumari la kwanza zipo nchi hii? Yeye alikuwa na sauti, angeweza kwenda popote. Mimi niende wapi?"

"Sasa naye hana pa kwenda. Mmekuwa sawa." Malaguti aliufunga uma kwenye karatasi, pamoja na tete, akatia lakiri mbele yake. "Utayasema haya?"

"Akiniuliza hakimu, kwa kiapo, nitasema. Kwa kiapo siwezi kudanganya." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukiniuliza barabarani, sikusema kitu."

*

"Kosa gani?" aliuliza mwendesha mashtaka Visdomini.

Ofisi yake ilikuwa na zulia. Kwenye opera alikuwa na chumba chake cha kutazamia onyesho, cha tatu kutoka jukwaani, kilichokuwa cha baba yake, na chumba cha jirani kilikuwa cha Terzaghi.

"Kujeruhi kwa makusudi," alisema Malaguti. "Na kutoa taarifa ya uongo. Chupa imejazwa baadaye na mtu asiyejua hata inavyotumika."

"Kujeruhi kwa silaha gani? Nota?"

"Alijua koo la binti limejifunza sala ile kwa la ya chini. Alijua ataonekana ameshuka, alijua roshani itapiga miluzi, na alijua ataisukuma sauti kuifuata okestra mpaka kitu kikatike. Akaondoa kengele isije ikamtetea. Ule ni mtego, bwana. Umekatwa na kushonwa kwa vipimo vyake."

"Aliyepiga mluzi ni nani?"

"Roshani."

"Watu wake. Waliomlea, kama wanavyopenda kusema. Niwafunge wote?" Visdomini alivua miwani. "Nioneshe sheria inayomkataza mkurugenzi kupandisha okestra. Nioneshe aliyemwona akijaza chupa. Huna. Unacho chuma kilichong'aa."

"Basi mwachie bibi Palmira."

"Kwa furaha. Tena leo." Alisogeza karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Lilikuwa tamko fupi: kwamba Ersilia Gandolfi alipanda jukwaani akiwa tayari na koo bovu, kwamba alilificha hilo kwa jumba, na kwamba shangazi yake alijua. "Asaini tu. Kavaliere anaondoa malalamiko, jalada linafungwa, kila mtu kwake. Na vielelezo vinarudishwa kwa wenyewe, kama kawaida."

"Na asiposaini?"

"Malalamiko yapo. Nitalazimika kumpeleka mahakamani kwa sumu. Majaji wa hapa, chupa ile, mwanamke wa aina ile..." Alivaa miwani tena. "Wewe ni mtu mzima, Malaguti. Mshauri vizuri."

*

Palmira alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, analowanisha mkate kwenye supu ambayo mke wa koplo alimletea. Malaguti alikaa kando yake, si mbele yake, akamsimulia yote: uma, tete, kengele, mwendesha mashtaka. Alimsimulia taratibu. Mwanamke hakumkatiza ila mara moja.

"Ansaloni? Yule ninayemshonea vifungo?"

"Huyo."

"Ee Bwana." Akaweka bakuli chini.

Inspekta alimpa karatasi na kalamu. Palmira alisoma akifuatisha kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena.

"Hapa wameandika nilijua. Nilijua nini?"

"Kwamba alikuwa mgonjwa."

"Hakuwa mgonjwa. Asubuhi ile aliimba akikaanga vitunguu, majirani wakafungua madirisha."

"Ninajua. Lakini ukisaini unatoka leo. Usiposaini kuna kesi, na sikudanganyi, wanaweza kukufunga. Miaka. Nimeshuhudia wakifunga watu kwa kidogo kuliko hiki."

"Nyumbani Ersilia anafanya nini?"

"Amekaa ameelekea ukutani. Daktari anasema hataki kuandika wala kula. Anaamini alishuka."

Palmira aliishika kalamu. Aliigeuza, akaitazama ncha yake. Malaguti aliinua macho kwenye dirisha dogo, kwa sababu hakutaka kuona jina lile likiandikwa pale.

"Niambie kitu, Inspekta. Nikisaini nikatoka, ule uma unakwenda wapi?"

"Unarudi kwa mwenyewe."

"Kwa Terzaghi."

"Kwa jumba. Ndiyo, kwa Terzaghi."

"Atauweka tena kabatini?"

"Atautupa mtoni kabla ya chakula cha jioni."

"Na Ansaloni?"

"Ansaloni atasema mbele ya hakimu tu. Pasipo kesi hakuna hakimu."

"Na nikibaki?"

Malaguti alisogeza bakuli kando. Alikuwa ameanza kuona mwanamke huyu anakokwenda, na hakupapenda.

"Ukibaki, wewe ni mshtakiwa. Ushahidi wako wa utetezi lazima utunzwe. Unabaki kwenye kabati langu la chuma mpaka siku ya kesi, na hakuna mtu, hata Visdomini, anayeweza kuugusa. Nitaitwa. Ansaloni ataitwa. Kengele nayo, tutaiomba mahakama iende kuisikiliza."

"Hadharani? Roshani nao wanaingia?"

"Kesi ni ya wazi. Anaingia yeyote."

"Yule kinyozi aliyeanza kupiga mluzi, naye?"

"Yeyote, bibi Palmira."

Kutoka chumba cha mbele ilisikika sauti ya koplo akicheka na mtu kwenye simu. Palmira aliichukua karatasi, akaikunja kwa uangalifu mara mbili kama anavyokunja glavu za hariri, akaiweka mikononi mwa Inspekta. Kalamu akaiweka juu yake.

"Kwa hiyo mtu pekee wanayeweza kumshitaki mji huu mzima ni mimi," alisema. "Sawa. Wanishitaki."

"Fikiri mpaka kesho."

"Nimefikiri. Wewe ndiye unayefikiri bado." Alimtazama juu hadi chini, kwa jicho la kazi yake. "Na koti hilo lina kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Sindano hamniruhusu humu, ama sivyo ningekushonea. Mwambie mkeo. Utasimama mbele ya majaji, wasije wakakuona kama mtu aliyetoka jalalani."

"Nitamwambia."

"Uende kwa Ersilia sasa hivi. Hana mtu. Mwambie asinisubiri, atoe nyama niliyoacha kwenye chumvi, itaoza." Sauti yake ilimponyoka hapo, akaikamata. "Lakini hayo ya nyama baadaye. Kwanza mwambie hakushuka."

Malaguti alisimama.

"Useme kwa sauti kubwa," alisema Palmira, "amegeukia ukutani."